Mstari Mtupu Katika Fomu ya Baba

Fomu ya kaya ilikuwa na kurasa kumi na moja, na watu walikuwa katika ukurasa wa kwanza peke yake. Kurasa nyingine zote zilikuwa za vitu: unga, sukari, mafuta ya taa, makaa, sabuni, nauli, petroli. Mimi nilipenda kurasa za vitu. Ukiuliza habari za sukari, sukari hailii, wala haikwambii urudi kesho baba mwenye nyumba akiwepo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na nilikuwa na kazi ya mkataba katika utafiti uliofanyika Kitengela na Kajiado. Wakubwa waliotutuma walikuwa wakitayarisha sera ya magari safi. Petroli yenye madini ya risasi ilikuwa inakaribia kuondolewa vituoni, na sasa walitaka pia kuyatoza zaidi magari makuukuu kwa sababu ya moshi wake. Kabla ya kufanya hivyo walitaka kujua nani ataumia. Ndiyo sababu tukapita nyumba kwa nyumba tukiuliza watu wanakula nini, wanachoma nini, na kama wana gari, gari lenyewe lina umri gani na lilikwenda wapi. Kila nyumba iliachiwa daftari la siku kumi na nne. Unaandika ulichopika, ulichonunua, na safari za gari. Wengi waliandika kwa uaminifu siku tatu za kwanza, kisha wakajaza zilizobaki asubuhi tuliyokuja kuchukua daftari. Tulijua, nao walijua kwamba tunajua.

Tulikuwa watatu. Msimamizi wetu alikuwa mchumi kutoka Garissa, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mpole aliyekula tende badala ya chakula cha mchana na ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Mwenzangu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Kajiado, amenizidi miaka kama kumi hivi, nami nikimwita dada. Yeye ndiye aliyekuwa akituingiza katika boma za watu. Mimi nilikuwa mtu wa tatu, msichana wa Kiluhya aliyekulia Kitengela, mwenye mwandiko mzuri. Kwa sababu ya mwandiko huo nilipewa kalamu nyekundu. Siku nne za wiki nilikuwa mashinani kama wengine, lakini Alhamisi nilikaa katika chumba chetu cha kukodi nyuma ya maduka ya Kajiado, nikizipitia fomu za wiki nzima na kurekebisha makosa.

Makosa yalikuwa na aina zake. Kuna mtu asiye na gari anayenunua petroli. Kuna nyumba ya watoto sita isiyonunua sabuni. Na kulikuwa na mstari mtupu, ambao ni lazima niueleze, kwa sababu tuliutengeneza wenyewe.

Wiki ya kwanza kabisa, katika boma moja ng'ambo ya Kajiado, nilimuuliza mzee swali lililokuwa ukurasa wa kwanza: kuna mtu wa kaya hii aliyefariki mwaka huu, na jina lake ni nani. Mzee alikuwa amenisalimia vizuri tu kwa Kimaasai, takwenya, nami nimeitikia iko, na tumeshafika mbali. Aliposikia swali hilo aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda kuangalia ndama. Hakurudi.

"Hapa jina la mtu ameenda haliitwi," dada aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Ukimwambia alitaje, ni kama umemvuta yule mtu kwa nyumba na nguvu."

"Sasa tutajaza nini?"

"Usijaze. Wacha tu hapo."

Basi ikawa desturi yetu. Akikuta nyumba iliyofiwa karibuni, na wenyewe wakimhesabu marehemu kama bado yupo, jambo ambalo lilitokea zaidi ya mnavyodhani, dada aliandika idadi waliyomwambia na kuuacha mstari mmoja wazi. Hakuuliza ni nani. Mimi nikifika na kalamu yangu, naona watu watano na mistari minne iliyojazwa, naelewa. Nafuta tano, naandika nne, natia sahihi pembeni. Msimamizi aliridhika. Kaya, kwa maana ya kazi yetu, ilikuwa ni watu wanaokula kutoka chungu kimoja, na marehemu hali.

Mama yangu alifariki wakati utafiti ukiendelea.

Tulikuwa tumehamia Kitengela miaka ya tisini, wakati nyumbu walikuwa wakivuka barabara ya Namanga kama wamiliki wake, na wazazi wangu walionekana wajinga kwa kununua ploti mahali penye upepo mtupu. Baba alikuwa karani wa kiwanda huko Athi River. Kwa akiba yake alinunua pikapu ambayo tayari ilikuwa na umri wa kwenda sekondari. Ilibeba mapipa ya maji ya kisima, mbao, nyasi za ng'ombe za majirani, na sisi. Mlango wa upande wa abiria haukufunguka kwa nje. Ulingoja baba ainame auvute kutoka ndani. Mama alisema pikapu ile inavuta sigara kuliko wajomba zangu wote wakikusanyika.

Alipopatikana na kisukari, alianza kwenda kliniki ya hospitali ya Kajiado, siku za Alhamisi. Baba alikuwa amestaafu. Alimpeleka, akaegesha karibu na geti, akamngoja ndani ya gari redio ikiwa imezimwa ili asimalize betri. Miaka ilienda hivyo. Halafu mguu ukaharibika, halafu figo, na halafu tukampeleka nyumbani magharibi nyuma ya pikapu ileile, jeneza limefungwa kwa kamba za kubebea nyasi.

Sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kwetu mtu analiliwa kwa sauti, na mwanamke asiyelia kwenye matanga ya mama yake anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Niliangaliwa sana. Nilikuwa nikisikia kila kitu kama kinasemwa chumba cha pili. Watu waliniuliza mambo, nikasema sawa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alitaka baba abaki kijijini asirudi Kitengela kuzeeka peke yake kama mlinzi. Kulikuwa na kikao cha ukoo. Nakumbuka nilikuwepo, nakumbuka rangi ya leso ya shangazi, na nakumbuka nikisema sawa. Kikao kikaisha, na baba akaruhusiwa kurudi. Safari ya kurudi ilichukua siku nzima. Baba alizungumza njiani, mimi nilikuwa nikiangalia nyaya za stima zikipanda na kushuka. Hapo pia nilisema sawa.

Nilirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Nilikuwa nimepanga chumba upande wa pili wa Kitengela, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwa baba. Nilitoka asubuhi, nikarudi jioni na vumbi hadi masikioni, nikalala. Jumapili nilipitia kwa baba baada ya kanisa, nikamwachia sukari na majani ya chai, tukaongea tumesimama. Kila mara aliniuliza swali moja.

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda.

Nyumba za utafiti zilichaguliwa kwa kuhesabu: unaanza kona fulani, unaruka milango kadhaa, unabisha unaofuata. Sehemu ya Kitengela alipokaa baba ilipofikiwa, hesabu ikaangukia mlango wake. Sheria ilikataza kumhoji ndugu yako, kwa hiyo akaenda dada. Alikuwa amekuja kwenye maombi ya mama, kwa hiyo alijua. Alimaliza kazi, akamwachia baba daftari, akalichukua baada ya siku kumi na nne, na hakuniambia neno. Nilishukuru.

Alhamisi moja fomu ikanifikia mezani katika rundo la nyingine. Haikuwa na jina la mwenye nyumba, nambari tu, lakini nilitambua mwandiko kwenye daftari. Baba aliandika kama karani mpaka mwisho: tarakimu zimesimama wima, hakuna iliyoegemea mwenzake.

Idadi ya watu katika kaya: wawili. Mstari wa kwanza, mwanamume, mstaafu, na umri wake. Mstari wa pili, mtupu.

Niliutazama kwa muda. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta mbili, nikaandika moja, nikatia sahihi. Nilifikiri, hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa, kisha nikachukua fomu iliyofuata, ya mwenye duka la kuuza mitumba ambaye hakuwa na gari lakini alinunua petroli.

Fomu ya baba ilirudi kwangu wiki iliyofuata. Msimamizi aliileta mwenyewe na kuiweka mezani, daftari likiwa juu.

"Hii haikubali," alisema. "Mtu mmoja, mzee. Angalia unga. Angalia sukuma, angalia makaa. Huyu anapika ya watu wawili kila jioni, siku kumi na nne bila kukosa. Na petroli. Ako na pikapu mzee kabisa, hiyo tu ndio tunatafuta, lakini ona. Kila Alhamisi Kajiado na kurudi. Sababu ya safari hajaandika. Nitaiweka wapi?"

Katika jedwali lake safari za magari makuukuu zilikuwa na vyumba vyake: kazi, soko, shule, hospitali, nyingine. Kwa sera ilikuwa na maana kubwa. Gari kuukuu likiwa linabeba wagonjwa, kulitoza ni jambo moja. Likiwa linazurura tu, ni jambo lingine.

Nililisoma daftari. Ugali na sukuma, watu wawili. Ugali na omena, watu wawili. Chai, vikombe viwili. Alhamisi, Kajiado na kurudi. Na Alhamisi ya pili, Kajiado na kurudi. Siku ya kliniki ya mama.

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa namna ya mbali, kama mtu anayesoma habari za mafuriko ya wilaya nyingine. Niliona baba ameanza kupotea. Anampikia mama, anampeleka kliniki, anamngoja getini, anarudi na kiti kitupu. Shangazi akipata habari hizo atafika kwa basi la kwanza. Baba ataondolewa katika nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali, pikapu itauzwa, na atakalishwa kijijini kwenye kiti cha plastiki na kuongeleshwa kwa sauti ya juu. Kalamu yangu ilikuwa imeshamficha mara moja. Ningeweza kumficha tena. Ningepunguza unga, nikaandika hospitali kwenye safari, nani angejua.

"Huyu ni baba yangu," nilisema.

Msimamizi aliniangalia. Akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Pole. Sikujua." Alifunga daftari. "Basi usiende na form. Enda tu kama mtoto wake. Ukirudi uniambie mmoja ama wawili, nitaandika hiyo."

Nilienda kesho yake, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Baba alikuwa jikoni amefunga leso ya mama kiunoni, akisonga ugali. Pikapu ilikuwa uani, imelowesha ardhi kwa mafuta chini yake kama kawaida. Juu ya meza kulikuwa na sahani mbili, zimefunikwa kwa sahani nyingine mbili kuzuia vumbi.

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

Nilikuwa nimekula chapati na maharagwe stendi ya basi. Nilikaa kwenye stuli. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, nikaona ni afadhali niyaseme kabla sijayasahau.

"Yule dada wa fomu alikufikia vizuri?"

"Vizuri. Ni mtu wa heshima. Lakini ako na haraka. Hata sikumaliza kumwambia, akafungua page ingine."

"Ulimwambia mko wangapi?"

"Wawili."

"Baba," nilisema. "Mama tulimzika."

Mwiko ulisimama. Alinitazama kwa makini, akinichunguza kama ambavyo mimi nilikuwa nimekuja kumchunguza yeye, na niliona wazi kwamba amepatwa na wasiwasi juu yangu.

"Najua tulimzika. Nilikuwa hapo."

"Sasa wa pili ni nani?"

"Si ni wewe?"

Alisema bila lawama yoyote, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha miwani uliyoivaa. Akaendelea kusonga.

"Uliambia shangazi yako mbele ya watu wote kwamba utakuwa unakula na mimi. Ndio wakanikubalia nirudi. Alikuuliza mara mbili, na mara mbili ukasema sawa. Basi mimi napika. Siku ukikuja utapata."

"Na nisipokuja?"

"Mbwa wa jirani amenona sana."

Niliuliza habari ya Alhamisi, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua.

"Alhamisi si huwa uko Kajiado? Nilikuambia kwa gari, tukiwa tumepita Nakuru. Nikasema, msichana wangu asihangaike na mabasi, Alhamisi nitakuchukua. Nitakungoja pale pale kwa geti ya hospitali. Ukasema sawa, baba." Alipakua ugali, akausawazisha kwa maji. "Nangoja mpaka saa kumi na moja. Nikiona haujatokea, najua kazi imekuwa mingi."

Saa kumi kila Alhamisi nilikuwa nikipanda gari la msimamizi, ambaye alirudi Nairobi na kunishusha Kitengela. Nyuma ya maduka tuliingia moja kwa moja barabara ya Namanga. Hatukupitia hospitali.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia? Jumapili si huwa nakuja?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unafika umechoka, unasimama hapo kwa mlango. Mtu akifiwa anaachwa kidogo."

Naye alikuwa amefiwa. Hilo halikuwa limenipitia akilini kwa miezi ile yote. Nilikuwa nimemwona kama nyumba iliyofiwa, mahali pa kupeleka sukari.

Nilikumbuka kalamu. Mbili imefutwa, moja imeandikwa, sahihi yangu pembeni. Nilikuwa nimejiondoa mwenyewe katika kaya ya baba yangu, kwa mwandiko mzuri. Na kichwa changu, ambacho kilikuwa kimezoea kazi kuliko kitu kingine, kikaanza kuipitia sheria: mwanakaya ni anayekula kutoka chungu kile. Sikuwa nimekula. Hata mara moja. Marekebisho yangu yalikuwa sahihi kabisa.

Niliona aibu. Ilikuwa hisia ya kwanza kunifikia tangu mazishi, na iliuma kama mkono uliolaliwa unapoanza kurudiwa na damu. Nilifunua sahani yangu. Nikala, juu ya chapati na maharagwe, ugali na mboga ya mrenda, mpaka pumzi ikawa ya shida. Baba alikula polepole na kunitazama kwa jicho moja. Daftari lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo mlo ule haukuandikwa popote.

Jumatatu nilimwambia msimamizi ni mmoja.

"Na hiyo chakula yote?"

"Anamwekea mtu ambaye hajafika."

"Mgeni hayuko kwa form," alisema.

"Hayuko."

Safari za Alhamisi aliziweka kwenye nyingine, pamoja na za harusi na za kuzurura. Dada, nilipomweleza, alifunika mdomo kwa kiganja. "Ningeuliza tu," alisema. "Neno moja tu. Lakini niliona hiyo leso ya mama yako, nikaogopa angetaja jina." Sikuwa na la kumlaumu. Yeye alikuwa ameuheshimu msiba wa baba kwa njia anayoijua. Mimi sikuwa nimeuheshimu kwa njia yoyote. Baadaye sera ilipita kwa namna fulani, nusu yake. Petroli ya risasi ikatoweka vituoni, na magari makuukuu yakabaki barabarani, la baba likiwa mojawapo, mpaka siku lilipouzwa kwa wanunuzi wa vyuma.

Alhamisi ya wiki ile ile niliyomjibu, saa kumi, msimamizi aliwasha gari nikamwambia atangulie. Nilitembea kupita mnada wa ng'ombe, kupita ofisi za serikali, mpaka kwenye geti la hospitali. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pembeni, redio imezimwa. Baba alikuwa amekaa mikono juu ya usukani, anaangalia geti, si barabara, kwa sababu aliyezoea kumngoja alitokea upande ule.

Niligonga kioo. Alishtuka. Kisha akainama, akauvuta mlango kutoka ndani, na nikapanda.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado, baba."